Nyumba za Zamani za Musoma ni za Nani?

Yako mambo ambayo Chama huyajadili kila mara katika semina zake, kama kilimo, elimu na ulinzi. Na yako mambo ambayo huachiwa wataalamu peke yao mpaka yaharibike. Utunzaji wa majengo ya zamani ni mojawapo ya hayo ya pili. Yakitajwa "mambo ya kale", wanachama wengi hufikiria magofu ya Kilwa, au milango ya Unguja, au mafuvu ya Olduvai. Hawafikirii nyumba wanamolala. Lakini mtu akitembea Musoma, kutoka upande wa ziwa kule Mwigobero akaingia barabara ya Mukendo, bado ataona nyumba zenye baraza pana mbele, paa la bati lililoshika kutu, milango mizito ya mbao, na nyuma yake ua ambamo familia kadhaa zinapika. Ataona pia majirani wapya wa nyumba hizo, yaani majengo ya ghorofa na vioo. Hawa wapya wanaongezeka na wale wa zamani wanapungua.

Watu wengi huliita jambo hilo maendeleo, na huenda wasitake kusikia zaidi. Makala hii inajaribu kueleza kwa nini suala la nyumba hizi ni suala la siasa, wala si la mafundi na watalii tu.

MJI ULIJENGWA KWA JASHO LA NANI

Mji wa kikoloni ulikuwa chombo cha kazi. Kanuni za ujenzi za utawala wa Kiingereza ziliigawa miji katika maeneo: eneo la nyumba za namna ya Kizungu, eneo la maduka, na eneo la nyumba za wenyeji. Ndiyo sababu kila mji wa bara una Uzunguni penye upepo na nafasi, Uhindini penye maduka yaliyobanana, na Uswahilini pembeni. Katika eneo moja ukuta wa mawe au wa saruji ulikuwa amri. Katika eneo jingine mtu aliachiwa udongo na nyasi. Tofauti ya vifaa ilikuwa tofauti ya matabaka iliyoandikwa juu ya ardhi, na katika miji mingi bado inasomeka.

Fedha za kujengea ukuta wa mawe zilitoka wapi? Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo bandari ndogo zote za Ziwa ziliunganishwa na soko la dunia kwa meli. Pamba ya wakulima wa Bunda na Majita, ngozi za ng'ombe, dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, vyote vilikwenda nje. Mabati, vitambaa, sukari na majembe vikaja ndani. Duka lilikuwa mlango wa kupitia. Mwenye duka alinunua kwa bei aliyoitaja yeye na kuuza kwa bei aliyoitaja yeye, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyogeuka kuwa ukuta. Hali hii ndiyo iliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa kuunda vyama vyao vya ushirika vya pamba miaka ya 1950, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, maarufu kwa jina la VFCU.

Kwa hiyo jina la tajiri lililoandikwa juu ya baraza pamoja na mwaka wa kujengwa halielezi yote. Halimtaji aliyepasua mawe, aliyebeba mchanga wa ziwani, aliyechoma chokaa, wala mkulima ambaye pamba yake ililipa gharama. Hao ndio wajenzi.

Katika semina zangu swali hili huulizwa karibu kila mara, na huulizwa na vijana: "Ndugu mkufunzi, kwa nini tutunze duka la mnyonyaji? Si afadhali lianguke?" Swali hili ni zuri na halifai kunyamazishwa. Jibu lake la kwanza ni hilo la jasho. Jibu la pili ni la sheria, na linahusu uamuzi ambao TANU yenyewe iliufanya.

UAMUZI WA MWAKA 1971

Mwezi Aprili 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Kutwaa Majumba. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yalichukuliwa na Serikali, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ililipwa kwa majengo yasiyozidi umri wa miaka kumi tu. Hoja ilikuwa kwamba jengo la zaidi ya miaka kumi limekwisha rudisha gharama zake kwa njia ya kodi, na mara nyingi limezirudisha zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo liliundwa mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru.

Hebu tupige hesabu. Chukua nyumba ya mfano, iliyojengwa mwaka 1935 na kutwaliwa mwaka 1971. Ilikuwa mali ya tajiri kwa miaka 36. Imekuwa mali ya umma kwa zaidi ya miaka 50. Basi nyumba hiyo ni yetu zaidi kuliko ilivyokuwa yake, na ikibomoka leo hatuna haki ya kusema kinachobomoka ni mali ya mnyonyaji. Kinachobomoka ni mali ya umma iliyokosa mtunzaji. Kijana anayeuliza swali lile hajaambiwa jambo hili, na kosa si lake.

Ni kweli kwamba si nyumba zote za miji midogo zilizotwaliwa. Nyingi zilikuwa chini ya kiwango cha thamani, nyingine zilikaliwa na wenyewe, zikabaki mikononi mwa watu binafsi au zikauzwa. Hizo nazo zina wapangaji wake, na habari zao tutazifikia.

UKUTA WA MAWE NA UKUTA WA UDONGO

Hapa pana mgongano mgumu kuliko ule wa duka. Tukitunza kuta zilizobaki, tutakuwa tunatunza zaidi historia ya watu walioweza kununua mawe na saruji. Nyumba ya mkulima wa Kizanaki, Kikurya au Kijita ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Nyasi huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Miti huliwa na mchwa. Udongo hurudi kuwa udongo. Nyumba ya namna hiyo haikuwa duni. Ilikuwa ya kujengwa upya mara kwa mara, na kilichodumu ni ujuzi wa kuijenga.

Mahali pa kulielewa jambo hili ni Butiama. Kilima cha Mwitongo kilikuwa makazi ya Mtemi Burito Nyerere, aliyefariki mwaka 1942, na jina lenyewe linatokana na neno ambalo katika lugha nyingi za Kanda ya Ziwa humaanisha mahame, yaani mahali palipopata kukaliwa. Mtemi alikuwa na wake 22, na kwa desturi kila mke alikuwa na nyumba yake. Ulikuwa mji mdogo, wa udongo na nyasi. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa mke wa tano, alizaliwa katika mji huo mwaka 1922. Mgeni wa leo huonyeshwa makaburi, nyumba za saruji za baadaye, pamoja na ile kubwa aliyojengewa Mwalimu na Jeshi la Wananchi, ambayo aliikalia kwa muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo yana vifaa vyake na zawadi alizopewa. Ni kazi njema. Lakini nyumba za akina mama wale 22 haziwezi kutunzwa kwa kupigwa rangi. Zinaweza kutunzwa kwa njia moja tu: kuwapo watu wanaojua kuzijenga, na vijana wanaojifunza kwao. Fundi wa kuezeka nyasi akifa bila mwanafunzi, jengo la kale limebomoka, ingawa hakuna tofali hata moja lililoanguka.

Tena, kwa kuwa twasema kweli, Mkoa wa Mara una mahame mengi ambayo hayakutokana na mchwa. Mwaka 1974 Operesheni ya Vijiji ilihamisha watu wengi kwa muda mfupi sana, mahali pengine kwa kulazimishwa, na nyumba za zamani zikabomolewa ili wenyewe wasirudi. Lengo la vijiji, yaani shule, zahanati na maji, lilikuwa jema. Namna ya kulitekeleza mara nyingi haikuwa njema. Mwaka huo huo, Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma kuhusu elimu. Mkufunzi ye yote wa siasa hulifundisha Azimio hilo. Ni wachache wanaowafundisha wanafunzi wao kwamba mwaka ule Mkoa wa Mara ulipata azimio na mahame kwa pamoja.

SHERIA INAANZA WAPI, NA INAISHIA WAPI

Sheria ya kwanza ya ulinzi wa mambo ya kale iliwekwa na Waingereza mwaka 1937. Baada ya Uhuru ilifutwa na mahali pake ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hii inafaa isomwe na kila diwani, maana ina miaka mitatu muhimu ndani yake. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa chenyewe. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886 linalindwa lenyewe. Mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za mashariki kabla ya mwaka 1940 unalindwa pia.

Itazame miaka hiyo. Mwaka 1886 ndio mwaka ambao Wajerumani na Waingereza waligawana nchi yetu kwa kalamu. Jengo lililotangulia kalamu hiyo linalindwa pasipo mtu kuomba. Huo ni msimamo wenye heshima: kwamba historia yetu haikuanza na mkoloni. Lakini matokeo yake ni kwamba ulinzi huo wa moja kwa moja unakwenda karibu wote pwani, mahali palipojengwa kwa mawe karne nyingi zilizopita. Mwaka 1886 mji wa Musoma ulikuwa haujakuwapo. Bunda vilevile. Hakuna nyumba hata moja ya mitaa hiyo inayoingia katika kinga ile. Hata Shule ya Mwisenge, ambako Mwalimu aliandikishwa mwaka 1934 akitoka Butiama kiasi cha maili 26, ilizaliwa ikiwa imechelewa kwa sheria hiyo.

Kwa mji kama Musoma kuna njia moja, nayo ni tangazo. Waziri anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba jengo au mahali fulani ni kumbukumbu ya Taifa, hata kama ni pa juzi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inazipa mamlaka za mipango uwezo wa kulinda majengo yenye thamani ya kihistoria au ya ujenzi wa pekee, na Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inataka wananchi washirikishwe. Kwa hiyo tofauti kati ya pwani na bara ni hii: pwani jengo hulindwa kwa umri wake, bara jengo hulindwa kwa sababu watu fulani wamesimama wakaomba. Wasiposimama, sheria ipo, lakini ni kama mwamvuli uliofungwa.

Tatizo la Bunda lina sura ya pekee. Mji ule ulikua kufuata barabara iendayo kutoka Mwanza hadi Musoma na Sirari. Maduka na nyumba zake za mwanzo zilitazama barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Basi katika mji wa namna hiyo kilicho cha zamani zaidi ndicho kilicho karibu zaidi na alama nyekundu ya X. Barabara ni ya lazima, wala hakuna mwenye akili atakayeipinga. Lakini mthamini akija na kamba yake hupima matofali na mabati. Hana safu ya kuandika kwamba hapa ndipo palipokuwa soko la kwanza, au kwamba katika baraza hii ndipo wazee walipolipia kadi za TANU. Safu hiyo haitaongezwa na mthamini. Yapaswa iwe imeandikwa mapema na wenyeji.

TANGAZO HALIZIBI PAA

Asije mtu akadhani kwamba karatasi inatosha. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash. Ilikuwa na sheria, ilikuwa na Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 ilikuwa ndani ya Urithi wa Dunia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Unyevu uliokuwa umeingia kwa miaka mingi haukusoma Gazeti la Serikali.

Chama nacho kijitazame. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la African Association, mtaa ulioitwa New Street ambao leo ni Lumumba, Dar es Salaam. Jengo lile la awali lilivunjwa, likajengwa jingine kubwa zaidi. Nyumba ndogo ya Mwalimu kule Magomeni imetunzwa, nayo inafundisha zaidi kuliko jengo kubwa, kwa sababu mtu akiingia huona jinsi vyumba vyake vilivyo vya kawaida.

Mji Mkongwe una funzo la pili, nalo latuhusu sisi watu wa itikadi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa zikapewa familia zisizokuwa na makazi. Kodi ilikuwa ndogo, kama ilivyostahili. Lakini fungu la matengenezo lilikuwa dogo zaidi, na nyumba zikaanza kuanguka. Baadaye utalii ulipokuja nyumba nyingi zilitengenezwa vizuri sana, zikawa hoteli, na waliokuwa wakizikaa wakaenda Ng'ambo. Ukuta ulipona na mtaa ukahama. Mimi siuiti huo ulinzi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba tendo linalowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao ni maendeleo, na linalowapunguzia uwezo huo si maendeleo hata likipendeza macho. Kipimo hicho kinaihusu nyumba ya Mukendo kama kinavyolihusu shamba.

Nyumba hufa kutoka juu na kutoka chini. Juu ni bati lililotoboka na mfereji uliong'oka. Maji hupita ndani ya ukuta, na udongo unaoshikanisha mawe au matofali huyeyuka taratibu. Chini ni maji yanayosimama kwenye msingi. Kwa mitaa ya ufukweni hatari hii huzidi kwa vipindi: mwaka 1964, na tena mwaka 2020, Ziwa lilijaa kupita kawaida, na mara hii ya pili maji yaliingia katika makazi ya ufukweni katika nchi zetu zote tatu. Fundi asiyejua naye huua, kwa nia njema kabisa. Hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo au chokaa. Ukuta ule ulizoea kupumua, yaani kuingiza unyevu na kuutoa. Saruji huuziba, unyevu hubaki ndani, chumvi hupanda, na baada ya misimu michache lipu hudondoka pamoja na ngozi ya ukuta. Lipu ya chokaa ni rahisi, nayo ilijulikana na babu zetu mafundi.

Nani alipe? Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuezeka paa la watu wote, na mwenye nyumba akiona kodi ya vyumba haitoshi husubiri nyumba ianguke ili auze kiwanja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kwa luku, kiasi kwamba mara nyingi anayeilipa hasa ni mpangaji anayenunua umeme, ingawa kisheria deni ni la mwenye jengo. Kwa hiyo mpangaji wa nyumba ya zamani analipia ukuta ambao hakuna anayeutengeneza. Ni halali kwa mkutano wa mtaa kuuliza sehemu gani ya fedha hizo inarudi kwenye mitaa mikongwe, na ni halali kumwambia mwenye nyumba, liwe shirika la umma au mtu binafsi, kwamba kibali cha kubomoa kitazungumzwa mbele ya wapangaji kwanza.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Ni orodha. Ianzie katika tawi na serikali ya mtaa, ipelekwe kwa kamati ya maendeleo ya kata, ifike halmashauri, na kutoka huko iombewe tangazo. Mwisenge ni mahali panapofaa kuanzia, kwa sababu ni shule: wanafunzi wana madaftari, walimu wapo, na wazee hawako mbali. Kwa kila nyumba mwanafunzi aandike ilipo; imejengwa kwa nini; nani aliyeijenga kwa mikono yake, kama jina lake bado linakumbukwa; ilitumika kwa kazi gani kabla ya Uhuru na baada yake; nani anaikaa sasa, na wako wangapi; na paa lake lina matundu mangapi.